Miaka Niliyompa Mwana wa Jirani

Nilikuwa naibu wa chifu kwa miaka mingi katika kijiji kilicho mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kakuma mjini, na katika ofisi ile kitu nilichokipenda kuliko vyote ni muhuri. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati, chenye kiti kimoja kizima na kingine cha kuegemeza ukutani, na joto ambalo ikifika saa sita mchana liliwafukuza hata nzi. Lakini muhuri ulikuwa mzuri. Niliubeba mkobani ndani ya soksi ya mtoto ili usiingie vumbi, na nikiugonga mezani watu wazima walinyamaza.

Sasa nimestaafu na ninaishi Lodwar. Muhuri niliurudisha. Nayaandika haya kwa sababu kuna kijana aliye gerezani kwa ajili ya miaka niliyomwandikia mimi, na nimeshayasema kwa mdomo mbele ya kila anayehusika bila kufika popote.

Kwetu mtu hazaliwi kwa tarehe. Anazaliwa katika msimu: mwaka wa ukame ule uliomaliza ng'ombe, mwaka wa kipindupindu, mwezi mbuzi walipokuwa wakizaa na mvua ikachelewa. Mama anajua vizuri kabisa mwanawe ni mkubwa kwa nani na mdogo kwa nani, wala hawezi kukosea. Lakini ukimwomba tarehe atakuambia, "Si wewe ndiyo umesoma? Andika." Basi nami, niliyesoma, nilikuwa naandika tarehe mosi Januari. Ukikusanya vipande, yaani vitambulisho, vya watu wa sehemu ile utadhani wanawake wetu wote hujifungua siku moja, wakiwa wametoka kukesha mwaka mpya.

Tarehe haikunisumbua. Nilipoanza kucheza na mwaka ndipo nilipopotea, ingawa wakati huo sikuita kupotea, niliita huruma. Mzee anataka posho ya wazee na anakaribia umri, namsogeza mbele kidogo. Mtoto anataka kuingia shule na amechelewa, namrudisha nyuma kidogo. Mimi ndiye niliyesajili watoto waliozaliwa nyumbani, na mimi ndiye niliyethibitisha wanaoomba vipande, kwa hiyo kila umri wa pale ulipita mkononi mwangu. Wenzangu wa kata nyingine walifanya vivyo hivyo. Hatukula rushwa, nataka hilo lijulikane. Tulikuwa tunasaidia.

Binti alikuja kwanza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, na mwalimu wake alisema ana akili za kushangaza. Kanisa moja lilikuwa likitoa nafasi za bweni hapa Lodwar kwa wasichana wasiozidi miaka kumi na mmoja. Babake alikuwa amekufa na mamake alikuwa akikohoa kikohozi kilichokuja kumuua mwaka uliofuata. Nilimtazama mtoto, nikatazama fomu, nikaandika kumi na mmoja. Nilifurahi siku hiyo. Nilienda nyumbani nikiwa nimejaa kiburi cha mtu aliyefanya jema.

Miaka mitatu baadaye akaja jirani yangu. Alikuwa mama wa kusuka vikapu vya majani ya mkoma, mumewe alienda kuvua samaki ziwani, Ferguson's Gulf, akaoa huko, na ukame ulikuwa umemwachia mbuzi wawili wasio na maziwa. Alikuwa na mwana mkubwa, kijana mpole wa mabega mapana, aliyekuwa akisubiri kazi ya kupakua magunia kwenye ghala moja la chakula katika kambi ya wakimbizi. Waliokuwa wakiajiri walitaka kipande.

"Ejok, Mama Chifu."

"Ejok. Karibu, kaa."

"Hii kijana yangu nataka ipate kipande."

"Ana miaka mingapi?"

"Si wewe unajua? Yeye na ule msichana umepeleka shule walizaliwa mwezi moja, wakati maji ya Tarach ilibeba boma."

Nilijua. Niliyakumbuka mafuriko yale vizuri. Mimi mwenyewe nilivuka laga ya Tarach, ule mto wa msimu, nikiwa nimeshika mkia wa punda. Wanawake hao wawili walijifungulia kwenye kilima kimoja, wakigawana mtungi mmoja wa maji.

"Basi ana kumi na sita," nikamwambia. "Kipande ni kumi na nane."

"Wewe ongeza. Ni mbili tu. Mbili itaua nani?"

Nikaongeza. Nikagonga muhuri. Kijana alipopata kazi, mamake aliniletea kikapu kizuri chenye mfuniko, nami bado ninacho.

Kabla sijaendelea lazima niseme habari ya mtoto mwingine, maana bila huyo mtu hawezi kuelewa nilivyofanya baadaye.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mzee mmoja mwenye mifugo mingi alimharibu mtoto wa watu. Mtoto alikuwa bado anacheza na wanasesere wa mifupa. Sitaeleza zaidi. Wazee walikaa kwenye kibaraza cha ofisi yangu, wakaongea asubuhi nzima, wakakubaliana mbuzi. Mimi nilikuwa mwanamke pekee pale, mgeni kazini, na nilipofungua mdomo mmoja wao akaniambia, "Mama, hii maneno ya boma tumalize kwa boma." Mtoto aliletwa mbele ya watu akaulizwa kama ameridhika. Mbuzi walikuwa tayari wanalia nje ya mlango. Akasema ameridhika. Nikagonga muhuri kwenye karatasi ya mapatano.

Mtoto huyo ni mwanamke sasa. Mara moja moja nakutana naye sokoni Lodwar. Ananisalimu kwa heshima, anainamisha kichwa, anapita. Yule mzee bado yuko, anapewa kiti cha mbele kwenye harusi. Kwa hiyo nilipokuja kuelezwa katika semina kwamba sheria ya makosa ya ngono haina mchezo, kwamba mtoto hawezi kusemwa amekubali hata akisema amekubali, kwamba hakuna kikao cha wazee wala mbuzi, na kwamba kifungo kina kima cha chini ambacho hata hakimu hawezi kukishusha, nilipiga makofi mpaka mikono ikauma. Sheria ile ilikuwa imemwona mtoto wangu wa kibarazani. Niliapa sitakaa tena kikao cha namna hiyo. Na katika baraza zangu zote nikawa nasema: sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Watu walizoea, hata watoto walikuwa wakiniigiza nikipita.

Basi miaka minne tangu nimwandikie binti fomu yake, aliporudi nyumbani likizo, ikajulikana ana mimba. Ya nani? Hakuficha. Ya mwana wa jirani yangu, yule wa magunia. Walikuwa wamependana tangu walipokuwa wakichunga pamoja, na kijana alikuwa akitumia ujira wake kumpelekea sabuni na kalamu shuleni. Umri wao wa kweli ulikuwa kumi na saba, wote wawili. Kwenye karatasi zangu yeye alikuwa na kumi na tisa, na binti kumi na tano.

Baba mdogo wa binti, aliyekuwa amemrithi baada ya mama kufa, alishuka kutoka Namoruputh akiwa na hasira na fimbo. Kwa desturi yetu, anayempa msichana mimba nyumbani kwao hulipa mifugo, kisha watu huongea habari ya ndoa. Alikuja ofisini kudai kikao. Jirani yangu naye alikuja, amefunga kitenge kiunoni, akasema kijana yuko tayari kuoa na atalipa kidogo kidogo.

"Kidogo kidogo gani?" akauliza baba mdogo. "Hii ata kuku haina."

Wakanigeukia mimi. Kama ningesema tukae, tungekaa. Tungegombana siku tatu, baba mdogo angepunguza hasira, binti angejifungua na kurudi shuleni, kijana angebeba magunia miaka mitano kulipa mbuzi, na leo wangekuwa na boma lao. Nawajua watu wetu, mambo yangekwenda hivyo.

Lakini mimi nilikuwa nimeapa. Niliona mwanafunzi mwenye mimba, nikamwona yule mtoto wa kibarazani, nikasikia mbuzi wakilia. Nikasimama nikasema, "Hakuna kikao hapa. Hii ni mimba ya mwanafunzi. Nendeni polisi." Na nikaongeza msumeno wangu. Nakumbuka jirani yangu alivyonitazama. Hakukasirika. Alishangaa tu, mtu aliyenijua miaka yote ile.

Siku hiyo umri wao haukuniingia akilini hata kidogo. Uliniingia wiki iliyofuata, askari mpelelezi alipokuja na faili kuomba fomu ya usajili wa binti na kumbukumbu za kipande cha kijana. Nilipozitoa kabatini nikaona mwandiko wangu, mzuri, wa duara, nikakaa kitini nikazisoma tena. Nikampa. Aliniuliza kama niko sawa, nikasema ni joto.

Kwa asiyejua: kama kijana angepelekwa kortini na umri wake wa kweli, angekuwa mtoto mbele ya sheria kama alivyokuwa binti. Angekemewa, angepewa afisa wa kumwangalia, pengine angepelekwa shule ya kurekebishwa kwa muda. Kwa karatasi zangu alikuwa mwanamume mzima aliyemharibu mtoto wa miaka kumi na mitano. Hapo kima cha chini ni miaka ishirini. Miwili niliyompa yeye na miwili niliyomnyang'anya binti, ndiyo iliyomvusha kutoka upande ule hadi huu.

Siku moja kabla sijaitwa kutoa ushahidi, jirani yangu alinifuata. Kesi ilikuwa Lodwar, naye alikuwa amekuja kwa lori la makaa. Tulikutana nje ya hoteli ya Msomali mmoja nilikokuwa nikinywa chai. Hakukaa.

"Mama Chifu, kesho wewe sema."

"Niseme nini?"

"Sema ile ya ukweli. Mimi nimesema leo, wakaniuliza nani alienda kuitisha kipande, si ni mimi? Nikanyamaza. Mimi ni mama yake, hawawezi kuamini. Wewe ni serikali."

Nikamjibu, "Nitaona."

Neno gani hilo. Mchana kutwa nilikuwa nikilitafuna. Nilijua kuwa kudanganya kwenye nyaraka za serikali ni kosa, nitafukuzwa kazi na pengine nitafungwa. Nilikuwa na watoto wawili chuoni. Halafu nikajiambia habari nyingine, nzuri zaidi: kwamba nikisema, vyeti vyote vilivyopita mkononi mwangu vitatiliwa shaka, wasichana waliopata bweni watafukuzwa, wazee watakosa posho, vijana watapoteza kazi. Nikajiambia nawalinda wengi. Nimekuwa na muda mrefu wa kuipima habari hiyo, na si kweli. Niliogopa tu.

Asubuhi chumba kilikuwa kimejaa. Mashtaka na mabishano yalikwenda kwa Kiingereza, kisha mkalimani akawa anamwambia kijana kwa Kiturkana, maneno kumi yakawa matatu. Hakuwa na wakili. Alisimama kizimbani amevaa fulana ya kazini, imefifia, na nilipomtazama usoni niliona jambo ambalo kila mtu mle ndani angeliona kama angetazama: hakuwa hata na ndevu. Ilikuwa sura ya mtoto iliyowekwa juu ya mabega ya kubebea magunia.

Binti alikuwa ameshatoa ushahidi wake kabla yangu. Niliambiwa alisema hakulazimishwa, kwamba wanataka kuoana, kwamba wamezaliwa mwezi mmoja. Mkono wa sheria ulikuwa umeziba sikio la hakimu, na nilijua kwa nini umeziba. Yule wa kibarazani pia alisema ameridhika. Sheria iliyomziba masikio hakimu iliwekwa kwa ajili ya watoto wanaosemeshwa na mbuzi, na ni haki. Lakini huyu hakusemeshwa na mtu. Alisema ukweli kwa hiari yake, ukaanguka pale pale chini miguuni pake.

Wakaniita. Nikaapa. Kiongozi wa mashtaka, mwanamume kijana mwenye adabu, akanionyesha fomu mbili.

"Mama, huu ni muhuri wako?"

"Ndiyo."

"Mwandiko ni wako?"

"Ndiyo."

"Na haya uliyoandika ni ya kweli?"

Jirani yangu alikuwa benchi ya nyuma. Nilisikia vikuku vyake vikigongana alipoinuka kidogo kutoka kwenye kiti.

"Ndiyo," nikasema.

Hakimu akamuuliza kijana kama ana swali kwangu, kwa sababu ndiyo haki ya mshtakiwa. Mkalimani akamfasiria. Akanitazama, akafikiri, akasema kwa Kiswahili, "Sina swali. Mama ananijua."

Alipokuja kuhukumiwa sikwenda. Nilisimuliwa na karani kwamba hakimu alisoma kwa sauti ndogo, akasema huyu ni mkosaji wa kwanza, kijana, aliyelelewa na mama peke yake, na kwamba angependa kuyaangalia hayo yote lakini sheria haikumwachia nafasi. Si chini ya ishirini. Akampa ishirini.

Baba mdogo alirudi Namoruputh mikono mitupu, akitukana. Binti hakurudi shule. Alijifungua mtoto wa kike, akaenda kuuza chai karibu na soko la kambini, kati ya Mrundi mshonaji na Mkongomani anayerekebisha simu, na kila alipopata nauli alipanda gari kuja Lodwar kumwonyesha kijana mtoto wake kupitia wavu. Sheria ilikuwa imekuja kumlinda. Nilimwuliza siku moja, nikiwa nimeketi kwenye benchi yake na kikombe mkononi, kama anajisikia amelindwa. Aliifuta meza kwa muda mrefu.

"Mama Chifu," akasema, "mimi nilipoteza shule, nikapoteza yeye. Hata hakuna mwenye aliniuliza ninataka nini."

Nilistaafu kwa sherehe ndogo. Walinipa saa ya ukutani. Chifu mkuu akanisifu mbele ya watu, akasema mama huyu ndiye aliyekomesha vikao vya mbuzi katika kata yake, akataja kesi ile kama mfano. Watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya sherehe ile ndipo nikaenda gerezani. Nilibeba sabuni, sukari, na sijui kwa nini, kile kikapu cha mamake. Kijana alikuwa amekonda, ndevu zilikuwa zimeota, na nilijikuta nazitazama hizo ndevu kuliko kumtazama yeye. Nikamwambia yote, ingawa alikuwa anayajua yote.

"Kwa nini hukusema?" akauliza.

"Niliogopa."

Akatikisa kichwa polepole. "Hata mimi niliogopa, Mama. Lakini niliulizwa miaka yangu, nikasema."

Nililia nikiwa nimeshika wavu. Yeye ndiye aliyenibembeleza.

Wakili niliyempata hapa Lodwar ni msichana wa umri wa binti yangu, mkali, anayekula njugu akisoma. Alisoma kiapo changu mara mbili. Akaniambia rufaa imechelewa lakini atajaribu, na kwamba habari za vifungo vya kima cha chini zinabishaniwa na majaji wakubwa huko Nairobi: mara mlango unafunguliwa, hakimu apime kila kesi kwa uzito wake, mara unafungwa tena. Alisema mlango kwa sasa umefungwa. Kilichobaki ni umri. Akanikumbusha kwamba kiapo hiki kinaniweka mimi mwenyewe hatarini. Nikamwambia akipeleke.

Kwa hiyo nikasimama tena mahakamani, safari hii ya juu zaidi, mbele ya jaji mwenye nywele nyeupe ambaye alinisikiliza kwa upole mwingi. Nikasema muhuri ni wangu, mwandiko ni wangu, na yaliyoandikwa ni uongo. Nilidhani nikishasema hivyo kitu fulani kitaanguka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, nami nilidhani nimefika mwisho wake.

"Kama ni uongo," jaji akauliza, "tarehe ya kweli ni ipi?"

Nikamwambia habari ya mafuriko ya Tarach, kilima, mtungi mmoja wa maji, mwezi mbuzi walipokuwa wakizaa. Akaandika kidogo. Akauliza ni mwaka gani. Nikasema mwaka wetu wa mafuriko. Watu wakacheka kidogo nyuma, na mimi sikuwa nimekusudia kuchekesha. Akauliza kama kuna karatasi yoyote, ya zahanati, ya kanisa, ya shule. Hakukuwa na karatasi. Karatasi pekee zilizokuwapo duniani kuhusu watoto wale wawili nilikuwa nimeziandika mimi. Mwenye jukumu la kuuandika ukweli wao alikuwa mimi, na sikuuandika.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki kadhaa. Jaji alisema mahakama haiwezi kuhesabu kwa mafuriko. Alisema afisa wa serikali aliyeapa mara ya kwanza kwamba nyaraka ni za kweli, na mara ya pili kwamba ni za uongo, hawezi kuaminiwa kuliko nyaraka zenyewe. Hakunitukana. Sikuona hata pa kumlaumu, na kama ningekuwa mimi ndiye jaji pengine ningeamua hivyo hivyo. Rufaa ikatupwa. Kijana alipokuwa akitolewa alipita karibu nami, akanigusa bega kwa mikono yake iliyofungwa pingu.

"Ejok noi, Mama," akasema. Asante sana. Kwa kusema.

Sitaki mtu asome haya akadhani nataka sheria ile ilegezwe. Yule mzee wa harusini alistahili ishirini yote, na zaidi. Nasema tu kwamba msumeno wangu, niliousifu barazani miaka yote ile, haukumgusa yeye hata ukucha, ukaja kukata mwana wa jirani, na mkono ulioshika mpini ulikuwa wangu mara zote mbili. Mzee alitoa mbuzi. Kijana alitoa miaka ishirini. Nikabaki mimi, ambaye nilikuwa sijatoa kitu.

Katika uamuzi ule kulikuwa na sentensi moja iliyosema habari zangu zipelekwe kwa wapelelezi. Nilipanga nguo mbili kwenye mfuko, nikawaaga watoto kwa simu, nikangoja. Mwezi ukapita, na mwingine. Hakuna aliyekuja. Nikaona si vizuri kungoja, nikaenda kituoni mwenyewe asubuhi moja, na ule mfuko wangu.

Askari wa zamu alikuwa kijana. Nikamweleza nilichofanya, nikamwonyesha nakala ya uamuzi, nikamwambia niko tayari. Aliisoma, akageuza, akaisoma tena. Akaniletea kiti. Akauliza kama nimekunywa chai.

"Mama," akasema, "kwa umri huu wako kweli? Wewe enda nyumbani pumzika."

Nikamwambia hajui hata umri wangu. Akacheka, kwa heshima, akasema anauona. Hakuniomba kipande wala cheti. Aliniangalia usoni tu, akaiona miaka yangu, akanihurumia.